Wanafunzi wa biashara kutembelea kampuni za teknolojia: wanajifunza nini hasa, au ni matembezi tu?

#1 Mtunza Daftari
Wakuu, salamu.

Kazi yangu ni kusahihisha ripoti za wanafunzi wa uzamili wa biashara wanaporudi kutoka ziara za mafunzo. Kila kundi hupelekwa kwenye kampuni za teknolojia: za programu, za chipu, za biashara ya mtandaoni. Wakirudi wanaandika, na ripoti zinafanana kama vile imeandikwa moja ikarudufiwa. "Kuna utamaduni wa ubunifu." "Wafanyakazi hawaogopi kushindwa." "Ofisi hazina kuta." "Mkurugenzi anakaa meza moja na wengine." Ukimuuliza mwandishi kampuni ile inalipwa na nani, kwa ajili ya nini, na inamwogopa mshindani yupi, anakutazama tu.

Dai langu: ziara hizi, kwa jinsi zinavyoendeshwa sasa, hazifundishi biashara. Zinafundisha mapambo ya ofisi. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na mfano. Na swali la pili: kampuni yenyewe inapata nini kwa kupoteza nusu siku ya wahandisi wake kwa wageni wasionunua kitu?

#2 Pwagu
Nawahi siti ya mbele kabla watu hawajajaa.

#3 Bi Mizania
Mkuu, swali lako la pili ni jepesi kuliko la kwanza. Ajira. Kampuni ya teknolojia haiishi kwa wahandisi peke yao. Inataka meneja wa bidhaa, mtu wa mauzo, mchambuzi wa fedha, mtu wa kutafuta kampuni ndogo za kununua. Wengi wao hutoka vyuo vya biashara. Kumleta mwanafunzi ndani, kumpa fulana, kisha kuangalia nani kauliza swali la maana, ni rahisi kuliko kutangaza nafasi na kufukiwa na rundo la maombi.

Nimewahi kukaa upande wa waajiri. Wageni wakishaondoka tulibaki na karatasi ya majina, na pembeni ya majina machache kuna alama ya vema.

#4 Karani wa Mapokezi
Bi Mizania, kwenu labda. Mimi ndiye niliyekuwa napokea hao wageni kwenye kampuni moja ya programu, na sikumbuki mtu wa ajira akishuka kuwaona. Maombi yaliingia kwa mlango mmoja: kuna bosi aliyesoma chuo hicho, mwalimu wake wa zamani kampigia simu, bosi anaona aibu kukataa. Mkakati haupo.

Halafu kuna kitu kinaitwa njia ya wageni. Unaanzia langoni, wanasaini mkataba wa usiri ambao hausomwi na mtu. Beji ya kuonyesha kwamba huyu asitembee peke yake. Ukumbi wa slaidi. Sehemu ya kupumzikia yenye meza ya mchezo. Ghorofa ya wabunifu. Picha ya pamoja mbele ya nembo, kwaheri. Ghorofa ya wanaopokea simu za wateja wenye hasira haimo. Ya wanasheria haimo. Wale wanaokagua picha chafu usiku na mchana hawamo hata kwenye jengo, kazi hiyo alipewa mkandarasi. Na mtoa slaidi wetu alikuwa na kisa kimoja cha jinsi waanzilishi walivyokaribia kufilisika; kila kundi likija anakisimulia, anasimama palepale kwenye neno lilelile, anasubiri wacheke. Wanacheka.

Kwa hiyo Mtunza Daftari usiwalaumu watoto. Ripoti zinafanana kwa sababu walichoonyeshwa kinafanana.

#5 Kipanga
#4 umenikumbusha Theranos, ile kampuni ya Marekani iliyodai kupima magonjwa kwa matone machache ya damu. Julai 2015 Joe Biden, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, alitembezwa kwenye jengo lao la Newark, California, akatoka anaisifia kama maabara ya siku zijazo. Baadaye waandishi wa uchunguzi wakaeleza kwamba chumba alichoonyeshwa kiliandaliwa kwa ajili yake, mashine zimepangwa zikapangika, huku sehemu kubwa ya vipimo vya wagonjwa ikifanyiwa kwenye mashine za kawaida za kampuni nyingine. Oktoba mwaka huohuo gazeti la The Wall Street Journal likaanza kufumua. Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, akatiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji.

Sasa kama makamu wa rais na msafara wake wote walitoka wametabasamu, mwanafunzi wa muhula wa pili ataona nini?

#6 Mhadhiri Mchovu
Kipanga, huo ni mfano wa utapeli. Tapeli humdanganya hata mkaguzi wa hesabu, wala hatujasema ukaguzi wa hesabu ufutwe.

Mleta mada kaomba mifano. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikuwa Uingereza kuanzia 1810 hadi 1812 na akatembelea viwanda vya nguo. Waingereza walikuwa wamepiga marufuku kutoa mitambo ile nchini. Yeye akaitazama, akaibeba kichwani, akarudi, na pamoja na fundi Paul Moody wakaunda mtambo wao wa kufuma huko Waltham, Massachusetts. Kufikia 1814 kiwanda kinafanya kazi. Mnasemaje hiyo siyo ziara ya mtu wa biashara kwenye teknolojia ya zama zake?

Wa pili, Eiji Toyoda wa kampuni ya magari ya Toyota. Mwaka 1950 alikwenda kuona kiwanda cha Ford cha River Rouge, Michigan. Hakurudi kukinakili, maana soko la Japani lilikuwa dogo mno kwa uzalishaji wa namna ile. Alirudi akijua nini hakiwezi kufanyika kwao, na hilo nalo ni somo. Mwenzake Taiichi Ohno alipofika Marekani 1956 akavutiwa zaidi na supamaketi kuliko viwanda vya magari: mteja anachukua bidhaa rafuni, na kile kilichochukuliwa ndicho kinachojazwa tena. Ndiko alikotoa mfumo wa kanban.

#7 Mtoto wa Mwisho
Na msisahau mama wa ziara zote. Steve Jobs wa Apple aliingia Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, kama mgeni, akaona kipanya na madirisha ya kwenye skrini, akatoka akaiba vyote. Ziara moja, utajiri wa dunia.

#8 Mzee wa Takwimu
Vijana, taratibu. Naanza na mwalimu halafu Mtoto wa Mwisho.

Mwalimu: Ohno hakulitoa wazo kwenye safari ya 1956. Habari za supamaketi za Marekani alizisikia mapema, na kufikia 1953 mfumo tayari ulikuwa unatumika kwenye karakana aliyoisimamia. Safari ilimpa nafasi ya kukiona kwa macho kitu alichokwisha kukijaribu. Hapo panahusu sana mada hii, msiparuke.

Mtoto wa Mwisho: "akaiba" siyo neno. Xerox ilinunua hisa za Apple za takriban dola milioni 1 kabla kampuni haijaingia sokoni Desemba 1980, na kufungua milango ya PARC, maabara ya utafiti ya Xerox, mwishoni mwa 1979 kulikuwa sehemu ya maelewano hayo. Ndani ya PARC penyewe kulikuwa na ubishi. Adele Goldberg, mmoja wa watafiti wakuu, alipinga wageni wale kuonyeshwa. Wakubwa wake wakamshinda. Kipanya nacho hakikuzaliwa Xerox. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Na Apple ilikuwa imeshaanza mradi wa kompyuta ya Lisa tangu 1978, ikiwa na watu ndani yake walioijua kazi ya PARC.

#9 Pwagu
Mzee wa Takwimu ameingia, watu waanze kufuta posti zao.

#10 Mtoto wa Mwisho
Sifuti. Alinunua ruhusa ya kuangalia, hakununua kipanya. Kompyuta ya Apple ya Macintosh ya 1984 ilitoka wapi kama siyo pale?

#11 Mtunza Daftari
Asanteni. Mwalimu, mifano yako ni mizuri, ila itazame tena. Lowell alikuwa mfanyabiashara mzima anayejua anatafuta mtambo gani. Toyoda alikuwa na kiwanda kinachomnyima usingizi. Ohno, kwa masahihisho ya #8, alikwenda na jaribio tayari liko mezani. Jobs alikuwa na wahandisi nyumbani wanaosubiri jibu. Wote walibeba tatizo mkononi wakaenda kulitafutia dawa. Mwanafunzi wangu anabeba simu ya kupigia picha. Kwa hiyo mifano hii inanipa nguvu mimi.

#12 Mhadhiri Mchovu
Inakupa nguvu nusu. Ukisema mwanafunzi hana tatizo mkononi, kosa ni la anayempeleka bila tatizo, na huyo ni sisi walimu. Ziara yenyewe haina hatia.

#13 Fundi Saketi
Naomba kuongea kama mtu wa viwanda vya chipu. Huku wanafunzi wa biashara hulalamika kwamba waliona korido na kioo tu. Wanadhani wamefichwa. Hapana. Chipu hutengenezwa kwenye chumba safi, yaani chumba kilichochujwa vumbi, na chumba cha daraja la ISO 5 hakitakiwi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 za ukubwa wa mikromita 0.5 na kuendelea katika mita moja ya ujazo. Daraja la ISO 9, ambalo ndilo la chini kabisa, linaruhusu 35,200,000. Binadamu anamwaga chembe za ngozi na nyuzi za nguo kila anapopiga hatua. Kundi la wageni waliotoka kwenye basi ni janga linalotembea. Ndiyo maana hata sisi tunavaa mavazi yanayoacha macho tu.

Lakini kwenye kioo hichohicho kuna somo la biashara ambalo hawalisomi. Kiwanda kipya cha chipu za kisasa hugharimu zaidi ya dola bilioni 10, na fedha nyingi zimo kwenye mashine. Mashine inachakaa kwenye vitabu vya hesabu iwe inazalisha au imelala. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu wa biashara liwe: mnatumia asilimia ngapi ya uwezo wa kiwanda? Kutoka hapo unaelewa kwa nini kazi haisimami usiku, kwa nini wateja huombwa kulipa mapema ili wahifadhiwe nafasi, na kwa nini TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, tangu Morris Chang aianzishe 1987, ilichagua kutengenezea wengine chipu bila kuuza za jina lake. Ukiwa na wateja wengi wasiokuona kama mshindani, mashine hazilali.

Wageni wengi wanachouliza ni kama yale mavazi yana joto.

#14 Pwagu
Kwani yana joto?

#15 Fundi Saketi
Chumba kina baridi ya kipimo, kwa hiyo siyo sana. Usumbufu uko kwenye kuvaa na kuvua.

#16 Sauti ya Chini
Habari zenu. Mimi ni mmoja wa hao wanafunzi mnaowasema, nimerudi karibuni.

Mkuu #1 yuko sahihi kuhusu slaidi, sikumbuki hata moja. Nilichojifunza nilikipata nje ya ratiba. Tulikuwa tunasubiri lifti na dada mmoja anayefanya kazi ya bei, yaani kupanga wateja wa programu yao walipe kiasi gani kwa mwezi. Akaniambia wanajua wateja wengi hulipia vitu wasivyovitumia, na kwamba mkutano mgumu kuliko yote kwao ni ule wa kuamua kama wawaambie. Lifti ikafika. Mwezi mzima wa darasa la masoko haukunifanya niwaze kama dakika zile.

Kwenye ripoti sikuandika. Fomu ina sehemu ya "mambo makuu yaliyowasilishwa", na lile halikuwasilishwa.

#17 Kipanga
Haya, ndiyo ushahidi wenyewe! Fomu ndiyo inayozalisha ripoti zinazofanana. Mtunza Daftari, fomu hiyo katunga nani?

#18 Mtunza Daftari
Kamati.

#19 Pwagu
Kamati oyeee.

#20 Kipanga
Turudi kwenye mada. Ushauri wangu: makao makuu waachieni watalii. Nendeni ghalani. Amazon kwa mfano hutembeza watu wa kawaida kwenye baadhi ya maghala yake. Kule unaona roboti zinabeba rafu kumpelekea mfanyakazi, badala ya mfanyakazi kuzifuata. Teknolojia hiyo waliipata waliponunua kampuni ya Kiva Systems kwa dola milioni 775 mwaka 2012. Unaona kasi, unaona mtu anavyopimwa kwa sekunde. Biashara iko pale kwenye zege, viti vya rangi waacheni navyo makao makuu.

#21 Bi Mizania
Kipanga, nimeipenda hiyo lakini ina shimo. Fungua taarifa ya mwaka ya Amazon ya 2023. Takriban theluthi mbili ya faida ya uendeshaji ilitoka AWS, yaani kukodisha kompyuta na hifadhi za data, ingawa AWS ilikuwa chini ya moja ya tano ya mauzo. Mwanafunzi wako akitoka ghalani atakuapia kwamba ameiona Amazon, kumbe ameona pale penye mauzo mengi na faida nyembamba. Penye faida nene hapaingiliki. Vituo vya data havitembezi wageni hovyo.

Alphabet, kampuni mama ya Google, ni vivyo hivyo. Mwaka 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato yake yalikuwa matangazo. Lakini mgeni akifika makao yake makuu Mountain View anatoka na habari za roboti, akili bandia na baiskeli za rangi. Mnada wa matangazo unaofanyika kila mtu anapotafuta kitu hauna pa kupigia picha.

Kampuni za Marekani zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zinalazimika kuwasilisha taarifa ya mwaka kwa mdhibiti wa masoko ya mitaji, inaitwa 10-K, bure mtandaoni. Ndani kuna sehemu ya mambo yanayoweza kuiangusha kampuni, imeandikwa na wanasheria wenye hofu. Mwanafunzi aliyeisoma hiyo kabla ya kupanda ndege ana maswali. Asiyeisoma ana simu ya kupigia picha, kama alivyosema mkuu #11.

#22 Mzee wa Takwimu
Takwimu za #21 ziko sawa. Ila 10-K nayo siyo msahafu. Hiyo sehemu ya hatari huorodheshwa kila kitu hadi matetemeko, ili kesho mwekezaji asishtaki kwamba hakuambiwa. Mwanafunzi asiyeongozwa atazama humo asiibuke.

#23 Sauti ya Chini
Dada Bi Mizania, sisi tuliisoma. Nikauliza swali kutoka humo. Mtoa mada akasema "swali zuri sana", akapita kwenye slaidi inayofuata.

#24 Karani wa Mapokezi
Sauti ya Chini, "swali zuri sana" kwa lugha ya ofisini ni mlango unafungwa. Anayetoa slaidi haruhusiwi kusema kitu kuhusu mapato ambacho hakijatangazwa. Akiteleza kwenye kampuni iliyoko sokoni ni balaa la kisheria. Maswali ya pesa waulizeni waliokwisha kuacha kazi pale. Wengi wanafurahi kuongea.

#25 Mtoto wa Mwisho
Mimi nauliza kitu kingine. Kwa nini wanafunzi wa biashara huvaa suti kwenye kampuni ambayo hata mkurugenzi amevaa raba? Nimeona picha zao wamepanga mstari chini ya mifupa ya dinosaria pale Googleplex, makao makuu ya Google, kama wanasubiri kuapishwa.

#26 Pwagu
Huyo dinosaria anaitwa Stan. Ndiye mfanyakazi pekee pale asiyeulizwa malengo ya robo mwaka.

#27 Bi Mizania
Suti ni kinga. Hujui utakutana na nani, bora uzidi kuliko kupungua. Ila kweli, mwenyeji akishaona suti anajua hawa hawatauliza kitu cha kukera.

#28 Mhadhiri Mchovu
Nimekuja na mfano ambao utaniumiza mwenyewe, lakini haki isemwe.

NUMMI. General Motors ilifunga kiwanda chake cha Fremont, California, mwaka 1982. Kilikuwa na sifa mbaya ya migomo na utoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, na ubia huo ndio ulioitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale wa zamani. Vikundi vikapelekwa Japani kujifunza, vikarudi, na ubora wa magari ukapanda haraka mno. GM walikuwa ndani ya nyumba: mameneja wao wanafanya kazi hapo, wanaona kamba ya kusimamisha mstari wa uzalishaji, wanaona kila kitu, kwa miaka. Hakuna ziara ya mafunzo duniani iliyopewa ruhusa kama hiyo. Na bado kuyapeleka waliyojifunza kwenye viwanda vingine vya GM kuliwashinda kwa muda mrefu. Mwaka 2009 kampuni ikaingia kwenye ulinzi wa muflisi, NUMMI ikafungwa 2010, na Tesla ikalinunua jengo.

Kilichoshindikana kubebeka hakikuwa kamba. Kamba unaweza kuifunga popote. Kilikuwa ni msimamizi kuja mbio mfanyakazi anapoivuta, akiuliza tatizo liko wapi, bila kumfokea. Sasa kama miaka haikutosha, mimi nadai nini kwa asubuhi moja?

#29 Kipanga
Mwalimu, ndiyo unamaliza ubishi hivyo? Umekuja kututetea ziara, umeizika.

#30 Mhadhiri Mchovu
Sijaizika. Wale vikundi waliokwenda Japani walikuwa wafanyakazi wa mstarini, na walifanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Kwao ilifanya kazi. Waliokwama ni makao makuu, waliosoma ripoti. Tofauti siyo muda peke yake, ni kugusa.

#31 Fundi Saketi
Kugusa kwetu haiwezekani, nimeshasema. Chembe.

#32 Mwanasheria wa Kijiweni
Mnazunguka majengo wakati jibu haliko ndani ya jengo. Chukua Silicon Valley, lile eneo la kampuni za teknolojia kule California, ambako kila chuo kinataka kupeleka watu. Mwanafunzi anarudi anasema siri yao ni ubunifu. Mimi nasema soma sheria. Tangu 1872 California inavibatilisha vipengele vya mkataba vinavyomzuia mtu kufanya kazi yake halali, ikiwemo kumzuia kuhamia kwa mshindani. Mwaka 1957 wataalamu wanane wakamwacha bosi wao William Shockley wakaanzisha kampuni ya chipu ya Fairchild Semiconductor. Kutoka Fairchild wakatoka Robert Noyce na Gordon Moore wakaanzisha Intel 1968, mwaka uliofuata wengine wakaanzisha AMD. Kote huko maarifa yalitembea kwa miguu ya watu. Massachusetts, iliyokuwa na kampuni kubwa za kompyuta na vyuo vikubwa, mahakama zake ziliheshimu vizuizi vile. Hilo hutaliona ukitembezwa ukumbini, hata ukikaa wiki.

#33 Mzee wa Takwimu
Sheria ni sehemu, mwanasheria, isiwe yote. Fedha za jeshi la Marekani zilinunua chipu za mwanzo kwa wingi, Chuo Kikuu cha Stanford kilifungua eneo lake la viwanda 1951, na pesa za wawekezaji wa mapema zikakusanyika eneo moja. Kifungu cha 1872 kilikaa miaka mingi pakiwa na mashamba ya matunda tu. Kama sheria ingetosha, mbona ilisubiri?

#34 Mwanasheria wa Kijiweni
Ilisubiri wahandisi. Mbegu bila mvua haioti.

#35 Pwagu
Hapo sijui nani kamjibu nani.

#36 Karani wa Mapokezi
Ngoja nitoe kitu kimoja ambacho ningemwonyesha mwanafunzi yeyote anayekwenda huko. Facebook ilipohamia Menlo Park mwaka 2011 iliingia kwenye majengo yaliyokuwa ya Sun Microsystems, kampuni iliyokuwa kubwa sana hadi Oracle ilipoinunua 2010. Kibao cha langoni hawakukitupa. Walikigeuza, mbele wakaweka kidole gumba chao, nyuma wakaacha jina la Sun. Watalii walikuwa wanapiga picha mbele, kabla kampuni haijabadili jina kuwa Meta 2021. Googleplex nayo ilijengwa na Silicon Graphics, ambayo ilikuja kuingia muflisi, na jumba la makumbusho ya kompyuta lililo jirani nalo lilikuwa lao. Ukimpeleka mtu wa biashara kule, mzungushe nyuma ya vibao, kisha muulize: hawa walikosea nini ambacho wenyeji wetu wa leo hawakifanyi?

#37 Bi Mizania
Hilo nitaliiba kwa wanafunzi ninaowafahamu. Ingawa hata hapo naona hatari: watarudi wote wameandika "Sun ilishindwa kwa sababu haikubadilika". Kila kampuni iliyokufa huandikiwa hivyo. Sun ilibadilika mara nyingi tu, iliuza mashine, ikatoa lugha ya programu ya Java 1995, ikanunua kampuni ya hifadhidata ya MySQL 2008. Bei ya seva za kawaida zenye Linux, mfumo endeshi wa bure, ndiyo iliyowakaba.

#38 Mtoto wa Mwisho
Mnasahau mnufaika mkuu. Chuo. Nani anaweka zile picha za dinosaria kwenye kijitabu cha kuvutia wanafunzi wapya? Ziara inalipiwa na mwanafunzi, chuo kinapata tangazo, kampuni inapata sifa, mwalimu anapata safari. Mwanafunzi anapata fulana.

#39 Mhadhiri Mchovu
Mwalimu anapata safari ya kuhesabu vichwa kwenye basi. Karibu ujaribu.

#40 Sauti ya Chini
Mimi nilipata zaidi ya fulana. Niligundua kwamba sitaki kufanya kazi kwenye kampuni za aina ile. Hilo lina thamani, sema halina sehemu kwenye fomu.

#41 Mtunza Daftari
Nimesoma zote. Bado sijashawishika kwamba ziara inafundisha biashara, ila naona tunapishana juu ya nani wa kulaumiwa: mwenyeji na njia yake ya wageni, mwalimu asiyetoa tatizo, fomu, au ukweli kwamba jambo lenyewe halionekani kwa macho. Nitapeleka kwenye kamati pendekezo moja: ripoti iwe na kitu mwenyeji alichokataa kujibu, na maelezo ya mwanafunzi kuhusu sababu ya kukataa. Mnaonaje?

#42 Karani wa Mapokezi
Mwenyeji akijua hilo atafunga mdomo zaidi. Na mwaka unaofuata msitegemee mwaliko.

#43 Bi Mizania
Asijue. Ripoti ni ya darasani.

#44 Karani wa Mapokezi
Atajua, dada. Ripoti hutumwa kwa mwenyeji kama shukrani, pamoja na picha. Kwetu zilikuwa zinafika, nazihifadhi mimi.

#45 Mtunza Daftari
Hilo la kutumwa ndiyo kwanza nalisikia. Naulizia ofisini Jumatatu.